Mtukufu Atafunga

Nchi ninayotaka kuisimulia haipo. Nimeitafuta kwenye ramani ya ukutani nikaikosa, nimewauliza watu waliosafiri sana wakasema hawaijui, kwa hiyo msomaji atakayedhani anaitambua ajue hilo ni tatizo lake, asije kunigongea mlango. Ni nchi nzuri, yenye amani, na serikali yake inapendwa sana na serikali.

Katika nchi hiyo umo mji mdogo uitwao Mashimoni, ambao watu wake huchimba chumvi. Chumvi imejaa kila mahali: ardhini, hewani, kwenye kuta za nyumba, na zaidi ya yote kwenye maji. Chai ya Mashimoni hutiwa sukari mara mbili, mara ya kwanza kuiua chumvi, mara ya pili kuifanya iwe chai. Mgeni akiinywa hukunja uso, kisha husema ahsante kwa taabu.

Zamani haikuwa hivyo. Zamani Mashimoni ilikuwa na kisima cha maji matamu, kimoja tu, karibu na uwanja wa mpira. Kisha Mtukufu Kiongozi akausikia mji huo, akauonea huruma, akaamua kuupatia Mradi Mkubwa wa Maji. Mradi hauwezi kuanza bila jiwe la msingi. Maofisa walitangulia kuja kuchimba shimo la kulisimika, lakini ardhi ya Mashimoni ni ngumu, kila jembe lilidunda na kurudi. Walipokaribia kukata tamaa wakaliona shimo la mviringo, zuri, limejengewa ukingo kabisa. Wakafurahi. Wakasema wananchi wa hapa wana moyo wa kujitolea, maana wamechimba hata kabla ya kuombwa.

Kesho yake jiwe likateremshwa mdomoni mwa kisima, saruji ikamwagwa, bendi ikapiga, Mtukufu akahutubia juu ya neema ya maji. Watu wakapiga makofi huku koo zimekauka. Tangu siku hiyo mradi haujasogea, lakini na jiwe pia halijasogea. Mji mzima ulijua jiwe limekalia nini. Ila kusema jiwe limeziba kisima ni kusema Mtukufu ameziba kisima, na Mtukufu hazibi, Mtukufu anaweka. Kwa hiyo akina mama wakachukua ndoo zao, wakaanza kwenda mtoni, ng'ambo ya vilima, ambako chumvi ni pungufu kidogo, bila kusema neno.

Na kwa sababu siku ile uwanja ulipanuliwa ili helikopta ipate pa kutua, na magoli yakasogezwa nyuma, jiwe lilijikuta ndani ya uwanja, mbele kidogo ya eneo la hatari la goli la upande wa mashimo ya chumvi. Hapo ndipo lilipo katika hadithi hii.

*

Jiwe lilipotimiza miaka kumi bila kuanguka, Wizara ya Michezo na Kumbukumbu iliona ni jambo la kujivunia, ikaanzisha mashindano ya vilabu vya nchi nzima yaitwayo Kombe la Jiwe. Waziri wake alikuwa Mheshimiwa Majigambo, mtu mwenye sauti nene na suti za mistari, ambaye hakuwahi kuucheza mpira lakini alikuwa amekata tepe nyingi sana viwanjani.

Kanuni za Kombe la Jiwe zilikuwa zilezile za mpira wa dunia, isipokuwa moja. Mpira ukiligonga jiwe, mchezo unasimama, bendi inapiga wimbo wa taifa, na kila mtu anasimama wima mpaka uishe. Vilabu vya mbali vilipata shida sana na kanuni hiyo. Straika anakimbia na mpira, amebaki na kipa tu, mara mpira unaparuza jiwe, naye inabidi asimame mkono kifuani aimbe. Wimbo ukiisha anakuta mabeki wa Mashimoni wamekwisha pumzika, wamejipanga, wengine wamekwisha kunywa maji.

Wenyeji, Chumvi FC, walilijua jiwe lao. Lakini sifa zaidi zilikuwa za kipa wao, Mfaume, ambaye mji mzima ulimwita Komeo. Mchana alipakia chumvi kwenye viroba, jioni alidaka. Alikuwa na mikono mirefu na viganja vipana, na tangu Kombe la Jiwe lianze alikuwa hajafungwa hata goli moja. Watoto walimfuata njiani wakimrushia maembe mabichi ili waone akiyadaka, naye aliyadaka yote, akaenda nayo nyumbani yakaliwa na pilipili. Chumvi haikuhitajika.

Chumvi FC ikafika fainali. Wapinzani wao walikuwa Makabrasha FC, klabu ya makao makuu ya Wizara, vijana wa ofisini walionenepa kidogo mashavuni, ambao walifika fainali kwa njia ambayo waamuzi wote waliiafiki.

*

Balaa lilianzia redioni. Siku hiyo Komeo alikuwa kwa kinyozi, kichwa kimenyolewa nusu, wakati msemaji wa Ikulu alipokatiza muziki.

"Wananchi mnatangaziwa kwamba Mtukufu Kiongozi, Baba wa Maendeleo, Mweka Mawe Namba Moja, atakuwa mgeni rasmi katika fainali ya Kombe la Jiwe kule Mashimoni. Mechi itachezwa, na ifikapo jioni, Mtukufu Kiongozi atafunga. Ahsanteni."

Muziki ukarudi. Kinyozi akasimamisha mashine.

"Atafunga?" akauliza.

"Ndivyo alivyosema," akajibu mteja aliyekuwa akisubiri zamu. "Atafunga."

"Atafunga mashindano, au atafunga goli?"

"Mimi nimesikia atafunga. Wewe ukitaka kuongeza maneno ya Ikulu, ongeza, lakini mimi sipo."

Kinyozi akawasha mashine haraka akaendelea na upande wa pili. Komeo akatazama kioo, akaona nusu ya kichwa chake ina nywele na nusu haina. Akili yake ilikuwa imemfikisha mapema kwenye swali ambalo wengine walikuwa hawajalifikia: ikiwa Mtukufu atafunga, nani atafungwa?

*

Swali hilohilo lilitua kwenye meza ya Waziri Majigambo, akaiitisha Kamati ya Ufafanuzi. Kamati hiyo ilikuwa na watu wasomi, na chai, na vitafunwa vya kila aina, na kazi yake ilikuwa kueleza kwa nini jambo lililosemwa lilikuwa sahihi.

Ofisa mmoja mgeni kazini akanyoosha mkono. "Mheshimiwa Waziri, nadhani Ikulu ina maana Mtukufu atafunga mashindano, kama vile mtu anavyofunga semina. Anasimama, anasema natamka sasa yamefungwa, anakaa."

Waziri akaweka sambusa chini. "Kwa hiyo unasema Mtukufu hawezi kufunga goli?"

"Sijasema hivyo, Mheshimiwa."

"Lakini umewaza."

Ofisa akashusha mkono. Siku hiyohiyo akahamishiwa Idara ya Kumbukumbu za Baadaye, ambako hadi sasa anasubiri zitokee.

Mjumbe mwingine, mzee wa busara, akashauri kwamba pengine Ikulu ingeulizwa kwa heshima zote ilikuwa na maana gani. Wajumbe wote wakaacha kutafuna. Kuiuliza Ikulu ina maana gani ni kusema Ikulu haieleweki. Mzee wa busara akagundua busara imempita, akaomba ruhusa kwenda msalani, hakurudi.

Basi ikaamuliwa kwa kauli moja kwamba Mtukufu atafunga goli. Ikabaki kuamua ni nyavu zipi. Kipa wa Makabrasha alikuwa mtoto wa dada yake Waziri, kijana mwenye hasira za karibu, na mama yake alikuwa amekwisha piga simu kusema mtoto wake hafungwi na mtu.

"Basi atafungwa huyu wa chumvi," akasema Waziri, akachukua sambusa yake tena. "Hao wamezoea shida."

*

Waziri alifika Mashimoni kabla ya fainali akamwita Komeo katika darasa moja la shule ya msingi. Waziri alikaa kwenye kiti cha mwalimu. Komeo alikaa kwenye dawati la watoto, magoti yakamgusa kidevu.

"Wewe ndiye Komeo?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Nasikia hufungwi."

"Kwa mashindano haya bado, Mheshimiwa."

"Basi utafungwa."

Komeo akajaribu kusimama, dawati likasimama naye. "Mheshimiwa, nimekosa nini?"

"Hujakosa kitu, kaa. Nasema utafungwa goli, na Mtukufu. Usipofungwa goli, ndipo utafungwa."

Komeo akafikiri. "Kwa hiyo, Mheshimiwa, nikifungwa, sifungwi?"

"Hufungwi."

"Na nisipofungwa, nafungwa?"

"Unafungwa vibaya sana. Kijana, una akili, unapoteza muda wako kwenye chumvi." Waziri akainuka, akajipangusa suti. "Kufungwa na Mtukufu ni heshima. Wako watu wangelipia."

Komeo akatoka darasani na dawati, akalirudisha, akaenda nyumbani.

*

Mkewe, Mwanaidi, alikuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka mtoni, kanga imelowa begani. Akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamimina chai.

"Baba Siwema, fungwa," akasema.

"Mama Siwema, mji mzima utakuwa uwanjani. Watu wamenipa jina la Komeo, halafu wanione nimefunguka?"

"Mji mzima hautakuletea chakula gerezani. Nitakuletea mimi, na njia ya gerezani haipiti mtoni. Nitakwenda mtoni saa ngapi na gerezani saa ngapi? Mimi nataka mume. Kombe sina pa kuliweka."

Komeo akainywa chai yake, ikamkwaruza koo kama siku zote. Aliogopa, na hakuona haya kuogopa mbele ya mkewe.

"Si kwamba nakataa," akasema kwa sauti ya chini. "Nitakubali kichwani. Tatizo ni mikono. Mikono hii ikiona kitu kinakuja, inakwenda yenyewe. Hainiulizi."

"Hebu tuone." Mwanaidi akamrushia chungwa. Komeo alikuwa amejiapiza ataliacha lipite. Akalidaka. Akamrushia kijiko, akakidaka. Akavua ndala akamrushia bila kumwonya, akaidaka kwa mkono wa kushoto huku wa kulia umeshika chai, na chai haikumwagika. Wakajaribu akiwa amefumba macho. Akaudaka mwiko kwa mlio wake tu. Siwema, binti yao, akacheka mpaka akakaa chini.

"Mikono yako haina adabu," akasema Mwanaidi, naye sasa anacheka, ingawa machozi hayakuwa mbali.

"Ndiyo nakwambia. Mimi nimefungwa tayari, nasubiri kubebwa tu."

Mwanaidi akaokota chungwa akaanza kulimenya. Akalimenya taratibu, akitazama dirishani kule uwanjani, ambako jiwe lilionekana jeupe kwa chumvi.

"Kwani mpira wa huyo baba lazima ukufikie?" akasema. "Jiwe lile halijatufaa kitu tangu liwekwe. Lifae hata siku moja."

Komeo akamtazama mkewe. Akamtazama tena. Kisha akainuka akambusu paji la uso, akatoka mbio kumwahi Waziri kabla gari lake halijaondoka.

"Mheshimiwa!" akaita akihema dirishani. "Nilikuwa nauliza. Mtukufu atapiga kutoka wapi?"

"Penati, bila shaka. Iwe karibu, asichoke."

"Samahani, Mheshimiwa, penati si ni ya watu wa kawaida? Hata mimi nimewahi kupiga penati. Wageni watasema Mtukufu wetu amesogezewa goli. Mimi ningeona apige kutoka katikati ya uwanja."

Waziri akashusha kioo chote. Akaona picha hiyo kichwani: Mtukufu katikati kabisa, uwanja wote mbele yake, wapiga picha pande zote. Akapendezwa nayo sana, na kufikia jioni alikuwa ameshaamini ameiwaza yeye.

*

Siku ya fainali Mashimoni ilipakwa rangi upande wa barabarani. Wachuuzi wa karanga walivalishwa suti. Jiwe lilipakwa chokaa na kuvishwa shada la maua.

Hotuba zilianza asubuhi. Kila msemaji alisimama akasema itifaki imezingatiwa, halafu akaizingatia upya kuanzia Mtukufu mpaka mtunza uwanja. Waziri Majigambo akasema jiwe hili ni maji yaliyoganda, na kwamba wananchi wawe na subira wakati serikali ikiyayeyusha. Mtukufu, mzee mwenye miwani mikubwa na kiti kikubwa, alipiga makofi mepesi kila alipoguswa bega na msaidizi.

Mpira ulipoanza, ulikuwa mpira mzuri kuliko waliouandaa. Makabrasha walikuja kwa kasi, wakapiga jiwe, wakaimba. Wakaja tena, wakapiga jiwe tena, wakaimba tena, na kwa kuwa walikuwa watumishi wa makao makuu waliona haya kuimba ubeti mmoja tu, wakaimba zote. Kufikia mapumziko walikuwa wamekauka sauti. Kipindi cha pili timu zikabadilishana magoli, na Chumvi nao wakalipiga jiwe mara kadhaa kwa bahati mbaya, maana sasa lilikuwa mbele ya kipa wa Makabrasha. Filimbi ya mwisho ikalia, hakuna aliyemfunga mwenzake.

"Mabibi na mabwana," akanguruma mtangazaji kwenye vipaza sauti, "sasa umewadia wakati ambao taifa limekuwa likiusubiri! Mtukufu Kiongozi atafunga!"

Komeo akaagizwa arudi katika goli la upande wa mashimo, ili jiwe na shada lake viingie kwenye picha. Akavaa glavu zake, akatembea. Watu wa Mashimoni hawakupiga kelele. Walikuwa wamekwisha sikia, wakamtazama tu, na mtazamo huo ulimchoma kuliko kama wangemzomea. Akalipita jiwe. Akaligusa kidogo kwa kisigino, kwa siri, mtu asione.

Kwanza Mtukufu alipaswa kusalimiana na atakayefungwa. Akaletwa mpaka golini, msaidizi kila upande. Alipompa Komeo mkono akainama karibu na sikio lake.

"Kijana," akanong'ona, "nani amesema nifunge goli?"

"Ilitangazwa redioni, Mtukufu."

"Hata mimi nimeisikia redioni." Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Mimi nilijua ni kusema yamefungwa, tunywe soda, twende. Goti langu hili halijapiga hata kuku."

"Kwa nini usiwaambie, Mtukufu?"

Mzee akageuka akawatazama mawaziri wake waliosimama kwenye mstari, wote wanatabasamu kwa pamoja. "Watauliza nani kanishauri," akasema. "Halafu ataumia mtu."

Komeo akajikuta anamwonea huruma. Ni jambo la ajabu kumwonea huruma mtu ambaye kwa ajili yake unaweza kulala gerezani, lakini alimwonea.

"Piga taratibu tu, Mtukufu," akamwambia. "Usijiumize. Piga ardhini, moja kwa moja."

*

Mpira ukawekwa katikati. Mtukufu akavuliwa viatu vya ngozi, akavishwa vya mpira vyenye rangi za bendera. Bendi ikapiga ngoma kubwa. Mtukufu akarudi nyuma kidogo, akasita, akauendea, akaupiga kwa ncha ya kidole.

Mpira ukaanza safari. Haukuwa na haraka. Ulibiringika kwenye nyasi chache za Mashimoni, ukayumba, ukajirekebisha, na mawaziri wakaupigia makofi njia nzima. Mtangazaji, ambaye aliagizwa asichelewe, alikuwa amekwisha paza sauti: "Goooli! Goli la karne! Ametufunga!" Komeo kwa upande wake alifumba macho, akaiingiza mikono yake miwili ndani ya fulana ili isilete utundu, akajitupa mchangani upande wa kushoto mapema mno.

Mpira ukafika kwenye jiwe. Ukaligonga pa! Ukageuka, ukaanza kurudi ulikotoka.

Kanuni ni kanuni. Bendi ikapiga wimbo wa taifa. Mawaziri wakasimama wima. Askari wakasimama wima. Komeo akafurukuta kutoka mchangani akasimama wima, mikono ikiwa bado ndani ya fulana. Mtangazaji akabaki na mdomo wazi kwenye neno "goli". Na wakati taifa zima limeganda hivyo, mpira ukabiringika taratibu mpaka miguuni pa Mtukufu, ukatulia.

Wimbo ukaisha.

"Nani," akauliza Waziri Majigambo kwa sauti iliyopasuka, "nani amezuia mpira wa Mtukufu Kiongozi?"

Macho yote yakamwendea Komeo. Askari wawili wakaanza kumsogelea na pingu. Akamwona Mwanaidi kwenye kamba ya watazamaji, ndoo mkononi, maana alikuwa amekuja moja kwa moja kutoka mtoni.

"Si mimi, Mheshimiwa. Mimi nilikwisha lala. Ni hilo."

Akaelekeza kidevu, mikono ikiwa haijatoka kwenye fulana. Watu wakaligeukia jiwe. Lilikuwa limesimama na shada lake, lina alama ya mpira usoni.

Waziri akalisogelea. Juu ya jiwe iliandikwa kwa herufi kubwa kwamba limewekwa na Mtukufu Kiongozi. Ikiwa jiwe la Mtukufu limeuzuia mpira wa Mtukufu, basi Mtukufu amejizuia, na wazo hilo lilikuwa na hatari pande zote. Jasho likamtoka Waziri mpaka mistari ya suti ikapinda.

Na hapo, msomaji, ndipo Komeo alipoona kitu kinakuja, na akili yake ikakidaka kabla hajaiuliza.

"Mheshimiwa," akasema, "naomba kusema kidogo. Mtukufu aliliweka jiwe hili kwa nia njema, lianzishe mradi. Je, lilianzisha? Limekaa tu. Miaka yote sisi tunajiuliza maji yanazuiwa na nini, tukadhani labda Wizara. Kumbe mzuiaji tulikuwa naye hapahapa. Leo ameonekana mbele ya watu wote, amemzuia hata Mtukufu mwenyewe."

Waziri Majigambo akamtazama kipa. Taratibu uso wake ukaanza kung'aa. Kwa miaka kumi kila waziri alikuwa akiulizwa mradi wa maji umekwama wapi, na kwa miaka kumi hakuwa na wa kumtupia lawama asiye na shangazi Ikulu.

"Hujuma!" akanguruma. "Wananchi, adui wa maendeleo amepatikana! Tulimpa heshima, tukampaka chokaa, naye akaikalia ahadi ya Mtukufu! Mtukufu, tunasubiri neno lako."

Mtukufu alikuwa amekwisha kaa kwenye kiti, ananyoosha goti. Akamtazama Komeo kwa mbali, akalitazama jiwe, akaona njia ya kwenda nyumbani.

"Lifungwe," akasema.

Uwanja ukalipuka kwa makofi. Na hivyo neno la Ikulu likatimia, maana redio ilisema Mtukufu atafunga, na Mtukufu akafunga.

*

Askari walizunguka jiwe wakitafuta pa kutia pingu wakakosa, wakalitia mnyororo. Wapakiaji wote wa chumvi wakajitolea kusaidia, na Waziri akashangaa kuona wananchi wanavyomchukia adui wa maendeleo. Walipiga nyundo, wakavunja saruji, wakavuta kwa kuimba. Jiwe likang'oka, likapandishwa kwenye karandinga, likaenda zake chini ya ulinzi mkali.

Mahali lilipotoka pakabaki shimo la mviringo, limejengewa ukingo. Kukatoka harufu ya ubaridi. Mwanaidi akapita chini ya kamba, akafunga ndoo yake kwenye kipande cha mnyororo, akaiteremsha. Ikasikika chubwi! Akaivuta, akateka kwa kiganja, akanywa. Akasimama hivyo kwa muda, maji yanamchuruzika kidevuni, akaanza kulia waziwazi mbele ya watu. Wazee waliokionja kisima hicho tangu ujanani wakaja wakanywa, nao wakalia. Siwema, ambaye hakuwahi kuyanywa maji ya namna hiyo hapa kwao, alikunywa akauliza mbona hayana ladha.

Usiku wa siku hiyo redio ilitangaza kwamba Mradi Mkubwa wa Maji wa Mashimoni umekamilika, kabla ya wakati.

*

Hadithi ingeweza kuishia hapo kama nchi hiyo ingekuwa na wizara chache zaidi. Lakini kukamatwa kwa jiwe nako kulikuwa tukio la kihistoria, na tukio la kihistoria haliachwi hivihivi bila kuwekewa kitu. Mvua zilipopita, Waziri Majigambo akarudi Mashimoni na msafara, na nyuma ya msafara lori, na juu ya lori jiwe. Jipya, jeusi, kubwa kuliko lile la kwanza, limeandikwa: Kumbukumbu ya Kufungwa kwa Jiwe.

Maofisa wakashuka, wakajaribu ardhi kwa jembe, likadunda. Wakatazama huku na huku. Mmoja akapaza sauti kwa furaha: "Mheshimiwa, shimo lipo! Tena limejengewa!"

"Hawa watu wana moyo," akasema Waziri.

Lori likaanza kurudi nyuma kuelekea kisimani. Halikufika. Mbele ya kisima alikuwa amesimama Komeo, miguu imepanuka, magoti yamekunjwa kidogo, amevaa glavu zake zote mbili, mikono ameitandaza. Nyuma yake Mwanaidi na akina mama wenye ndoo walikuwa wamejipanga bega kwa bega, kama ukuta wa kuzuia frikiki.

"Ondoka hapo, kijana," akasema Waziri. "Jiwe linakuja kufunga hilo shimo."

Komeo alikuwa anaogopa, na miguu ilimtetemeka mpaka soksi zikashuka. Lakini mikono yake, kama mnavyoijua, haikumuuliza.

"Mheshimiwa," akasema, "hapa hafungi mtu."

Waziri akamtazama. Akawatazama akina mama. Akamtazama dereva wa lori, ambaye alikuwa ameshazima injini na kupokea kikombe cha maji kutoka kwa Siwema. Akasema atakwenda kuiitisha Kamati ya Ufafanuzi imweleze kipa huyo alikuwa na maana gani.

Kamati bado inakaa. Vitafunwa vinaletwa. Na hadi habari hizi zinanifikia, Komeo alikuwa hajafungwa.